Mkono Usiotii: Ushairi wa Huruma na Ulemavu Usioonekana

Kwa msomaji wa kurasa za mashairi katika magazeti na majarida yetu, shairi la mlemavu ni mgeni anayejulikana kwa mwendo wake. Aghalabu huwa tarbia ya beti saba au nane. Ubeti wa kwanza humpigia hodi mhariri. Wa pili huwataja kipofu, kiziwi na kiwete, takriban kwa mpango huo huo. Wa tatu huwasuta wazazi wanaomficha mwana ndani. Kisha hufuata beti za kuiomba serikali na wahisani, na kabla ya mtunzi kutaja jina lake na mji wake huja methali ya "hujafa hujaumbika". Vina havina kasoro, mizani imetimia. Nami nimeyatunga mawili ya namna hiyo, na moja lilichapishwa. Kwa hivyo nisidhaniwe kuwa nawasema wengine.

Hebu tuiulize methali hiyo: anaambiwa nani? Si kiwete. Anaambiwa mzima, atishike, amshukuru Mola kwa miguu yake. Kiwete amegeuzwa waadhi. Ameletwa shairini ili mwengine apate funzo, na funzo likishapatikana hana tena kazi humo. Hapiki, hagombani na jirani, hadaiwi kodi ya nyumba, hapendi mtu. Wapo wanaoilaumu ngeli ya ki-, wakisema lugha yenyewe imemfanya mlemavu kitu. Sikubaliani nao sana. Kijana naye yumo katika ki- hiyo, na kiongozi, na hatusemi "kipofu kimefika", twasema "kipofu amefika". Kiambishi hakina neno. Upungufu u katika vitenzi: mlemavu wa mashairi yetu hatendi, hutendewa.

Na huyo angalau ameonekana. Yupo mwengine ambaye hata mlango wa shairi la huruma haujamfungukia, kwa sababu hakuna cha kuhurumia: ana macho, ana masikio, ana miguu miwili. Ni yule kijana mwenye hali iitwayo dispraksia.

Dispraksia ni hali ya ukuaji wa ubongo inayofanya mpango wa tendo usifike salama mkononi. Mwenye nayo anajua anachotaka kufanya, na hali hiyo haimpunguzii akili. Lakini kufunga vishikizo, kumimina chai kikombeni, kukata kwa kisu au kuandika mstari ulionyooka ni mambo ambayo kwake ni shida kuwa mazoea. Sisi wengine tukishajifunza tendo huuachia mkono, akili ikaenda kwingine. Yeye hulazimika kulisimamia kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza, na jioni huwa amechoka kwa kazi ambayo hakuna aliyeiona. Wataalamu hukadiria kuwa hali hii huwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa skuli ya msingi, na wengi wao hukua nayo. Haina dawa ya kuiondoa. Ina mazoezi, hasa ya kulivunja tendo lenyewe hatua kwa hatua, na inahitaji subira ya walio karibu.

Kiswahili hakijampa kijana huyu jina la hali yake, lakini matusi kimempa tele: goigoi, mapepe, mzembe. Kila aliyepita chuoni au skuli ameyasikia, na baadhi yetu tumeyatamka.

Victoria Biggs, Mwingereza, aliandika kitabu juu ya hali hii akiwa mwenyewe bado kijana wa umri wa skuli. Kinaitwa Caged in Chaos, na kilitoka mwaka 2005. Anawasemea vijana wenzake, na sauti za baadhi yao zimo ndani. Anazungumza juu ya skuli, uonevu, urafiki na kazi za nyumbani, kwa ucheshi ambao shairi letu la huruma lisingethubutu kuwa nao. Si kitabu cha fasihi, wala hakidai hivyo. Kimeandikwa kwa Uingereza yake, na msomaji wa visiwani atavuka kurasa kadhaa bila kujiona humo. Hata hivyo, kina jambo moja tunalolikosa: msemaji ndiye mtenda. Anamwaga, anaangusha, anapotea njia, anajaribu tena, na hatuombi chochote.

Kwa jicho hilo hilo tuutazame Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao hapana mpenzi wa ushairi wa mwambao asiyeujua. Wahakiki wameubishania mno kwa suala la utiifu wa mke, na ugomvi huo siuingii. Ninalolitaja ni mikono. Mama anamfunza bintiye kumpepea mume, kumnyoa, kumfukiza, kuiweka nyumba katika usafi. Huo ni ustadi wa vidole. Msichana ambaye wembe hautulii mkononi mwake ataupita utenzi mzima akihesabu aliyoyakosa.

Lakini turudi mwanzo wake. Mama huyo ni mgonjwa. Maradhi yamemshika muda wa mwaka. Anamwita mwanawe asogee karibu, naye aje na wino na karatasi. Beti hizi tumezoea kuzisoma kama ukumbi wa kupitia tu kuingia ndani. Mimi nimezipita hivyo miaka mingi. Kumbe zinatuambia jinsi ya kuandika pale ambapo mwili umekataa: maneno ni ya mama, wino uko kwa binti. Na tukifika kwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, twakuta kuwa tenzi nyingi tunazojivunia zimehifadhiwa kwa hati yake, alipowanakilia wataalamu wa Kizungu kama William Hichens na Ernst Dammann. Sijapata kusikia mtu akisema kuwa mtunzi aliyenakiliwa na Kijuma ni mtunzi nusu.

Kwa nini basi kijana wa leo aambiwe kuwa hajajitegemea mpaka atende kila kitu kwa mkono wake? Tangu Azimio la Arusha la 1967 neno kujitegemea limebeba jembe begani, na jembe hilo ni zito kwa wengine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una kifungu cha 19 juu ya kuishi kwa kujitegemea. Hakisemi habari ya kuishi peke yako, bali kuchagua unakoishi na unayeishi naye, na kupata msaada wa kukuwezesha hayo.

Haya nimeyajifunza kwa kuchelewa. Mpwa wangu nilimfunza hati mimi mwenyewe, na katika madaftari yake neno "uzembe" limo kwa wino wangu mwekundu. Jina la hali yake alilipata akiwa na umri wa miaka 19, kwa daktari wa Dar es Salaam. Sasa anaishi chumba cha kupanga huko Ng'ambo pamoja na mwenziwe wa kazini, na mashangazi wananung'unika.

Mwaka jana alinisomea shairi lake ili nimwandikie. Linaitwa "Nazi ya Mashine", tarbia ya beti sita. Beti nne za mwanzo zimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi: goti, kifuu, meno ya chuma, namna ya kuzungusha. Katika ukwapi mna mpango wa tendo, katika utao mna linavyoharibika, na mpangilio huo haukosei hata mara moja. Kipokeo chake si ombi, ni amri kwa mkono wa kushoto. Na kila kinaporudi ndipo tunapojua kuwa mkono haujatii. Sijaona katika kurasa zetu shairi lililoitumia tarbia hivyo. Ubeti wa tano ni dhaifu. Umelazimishwa kina cha -ni, na "rohoni" imeletwa pale ili kulipa deni la "sokoni" tu. Nilimwambia hivyo, naye akabisha, kisha akanyamaza. Katika ubeti wa sita yuko mbele ya mwenye mashine, shangazi yuko nyuma yake katika foleni, na anaagiza nazi mbili zilizokunwa.

Nilipomaliza kuandika akanitaka nimsomee. Nikasoma mpaka mshororo wa mwisho, akanisimamisha.

"Mjomba, hapo umeandika nini?"

"Naomba," nikamjibu.

"Mimi nilisema nataka."

Nikahesabu mizani: tatu kwa tatu. Hapakuwa na sababu ya kishairi ya kubadili, na sikukumbuka hata kuwa nimebadili. Nikalifuta neno langu, nikaandika lake.