Wati 600 za Nani? Tunahakiki Boksi la Pawasaplai, Tukiwa Miburani

Kwenye blogu hii tumezoea kuhakiki vitabu, filamu na makala za utafiti. Leo tunahakiki boksi. Ndiyo, boksi la karatasi lenye pawasaplai ndani, pamoja na jirani yake wa dukani, boksi la kadi ya grafiki. Usicheke. Wapo watu wengi tu ambao hawajawahi kufungua jarida la fizikia, lakini wametoa laki kadhaa mfukoni kwa sababu ya namba moja kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Namba hiyo ni dai la kisayansi, na dai la kisayansi huhojiwa.

Msomaji wetu mmoja wa kata ya Miburani, kule Mafia, ametuletea swali. Ana kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, Dell OptiPlex 9020 ya kasha refu la kusimama, yenye prosesa ya i7-4790. Anahariri video za harusi, na msimu ukifika anahariri za watalii wanaoogelea na papa potwe. Anataka kuweka kadi ya RTX 3060. Ameambiwa anunue pawasaplai ya wati 550, lakini Kariakoo ameonyeshwa ya wati 600 kwa chini ya nusu ya bei. "Si bora ya 600?"

Swali lina uzito. Aliye Dar akinunua kimeo, kesho anarudi dukani. Aliye Miburani anarudi Kilindoni, anapanda boti mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka mjini, na kazi za watu zinamsubiri. Akinunua pawasaplai mbaya anaweza pia kuipoteza kadi yenyewe. Haya, tusome maandishi.

Maandishi ya kwanza: boksi la kadi

Nvidia wanaitaja RTX 3060 kuwa kadi ya wati 170, na wanapendekeza pawasaplai ya wati 550. Hebu tupige hesabu. Kadi 170, prosesa 84, halafu diski, feni, kumbukumbu na mazabodi tuwape 50 kwa ukarimu. Jumla 304. Sasa hizo wati karibu 250 zilizobaki ni za nini?

Sehemu yake ni ya haki. Kadi za kisasa hazinywi umeme kwa utulivu kama balbu. Kwa vipande vya muda vifupi kuliko kufumba na kufumbua, mahitaji yake hupanda juu ya ile namba iliyoandikwa, kisha hushuka. Ndiyo maana kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 zilizitaka pawasaplai zilizotengenezwa kwa ajili ya kadi kubwa ziweze kuvumilia mara mbili ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100. Sehemu nyingine ni ya wale wenye prosesa zenye njaa zaidi ya hii.

Lakini sehemu iliyobaki ni kutoaminiana. Aliyeandika 550 hajui utanunua pawasaplai gani. Anajua sokoni kuna namba za kweli na namba za mapambo, kwa hiyo anaongeza ili hata ukinunua ya mapambo usalimike. Nia ni njema, ila matokeo yake ni mabaya mara mbili. Mwenye pawasaplai nzuri ya wati 450 anaogopeshwa anunue nyingine, na mwenye ile mbovu ya "600" anahakikishiwa kwamba yuko salama. Boksi lingetusaidia zaidi kama lingesema jambo moja tu: ampea ngapi kwenye njia ya volti 12.

Maandishi ya pili: lebo ya pawasaplai

Hapa ndipo penye utamu. Geuza pawasaplai ubavuni. Utaona jedwali dogo ambalo watu hulipita. Pawasaplai hutoa volteji kadhaa: 3.3, 5 na 12. Kila moja ina ampea zake, na wati ni volti mara ampea. Basi.

Kompyuta za zamani zilikula sana volti 3.3 na 5. Mwaka 2000 kanuni ya ATX12V ilileta plagi maalumu ya volti 12 kwa ajili ya prosesa, na tangu hapo mzigo mkubwa umehamia huko. Kadi ya grafiki nayo hula karibu chakula chake chote kwenye volti 12. Kwa hiyo wati zilizorundikwa kwenye 3.3 na 5 kwa kazi yetu ni kama viti vingi vya wageni kwenye nyumba isiyo na jiko.

Chukua lebo ya mfano iliyoandikwa 600 kwa herufi kubwa: volti 3.3 kwa ampea 28, volti 5 kwa ampea 30, volti 12 kwa ampea 22. Zidisha: 92, 150 na 264. Jumla ni 506. Hata 600 yenyewe haifiki! Na iliyo muhimu kwetu ni 264 tu. Kadi na prosesa ya msomaji wetu zinataka 170 na 84, yaani wati 254, sawa na ampea 21 na ushee. Weka feni na diski, umefika 22 au 23. Bado hatujagusa vile vipindi vifupi vya kupanda. Kumbe "600" imeshaisha kabla video haijaanza kuchakatwa.

Sasa chukua lebo nyingine ya mfano ya wati 550 yenye ampea 45 kwenye volti 12. Hiyo ni wati 540 mahali zinapohitajika. Ndogo kwa jina, mara mbili kwa kazi.

Kwa haki lazima niseme: lebo haikuficha kitu. Jedwali lipo, hesabu ni ya darasa la sita. Kosa liko kwenye mpangilio, kwa sababu namba isiyo na maana imechapwa kubwa na yenye maana imechapwa kwa herufi za mchwa. Huo nao ni uandishi, na tunauhukumu kama uandishi.

Maandishi ya tatu: nembo ya 80 PLUS

Nembo hii ilianza mwaka 2004. Inasema ufanisi, yaani katika umeme unaoingia, ni asilimia ngapi inafika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto. Ile ya msingi inataka angalau asilimia 80. Ile ya dhahabu inataka 90 pawasaplai ikiwa na nusu ya mzigo wake.

Kwa kompyuta yenye kula wati 300, ufanisi wa 80 unavuta 375 ukutani, na wa 90 unavuta 333. Tofauti ni wati 42. Ukifanya kazi saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti tano za Luku. Si utajiri, lakini wati hizo 42 zilikuwa joto ndani ya boksi dogo la bati, chumbani Mafia, kwenye hewa ya bahari. Kapasita za ndani hufa kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10, umri wake unakaribia kuwa mara mbili. Ndiyo maana kapasita iliyoandikwa nyuzi 105 ni bora kuliko ya 85. Kwa kanuni hiyo, tofauti ya nyuzi 20 ni karibu mara nne ya umri.

Kasoro ya nembo? Vipimo vyake vya kawaida hufanywa kwa volti 115, umeme wa Marekani. Kwetu ni volti 230, na hapo pawasaplai nyingi hufanya vizuri kidogo zaidi. Kwa hilo nembo inatupunja sifa, sawa. Tatizo ni kwamba inapima maabara, kwenye umeme uliotulia tuli. Haisemi lolote kuhusu ukuta wako.

Maandishi ambayo hayapo: ukuta

Mafia kwa miaka mingi imetumia umeme wa jenereta za dizeli za kisiwani, mbali na gridi ya taifa. Sisemi hivi kulaumu. Ni fizikia tu. Gridi kubwa ina mitambo mingi mizito inayozunguka pamoja, kwa hiyo friji moja ikiwaka haishtuki. Gridi ndogo ni kama mtumbwi: mmoja akisimama, wote mnayumba. Mashine kubwa ya barafu ikiwaka, taa za jirani zinaweza kufifia.

Kwa hiyo ukiwa Miburani, mstari wa kwanza kusoma kwenye lebo ni wa umeme unaoingia. Ukikuta "100–240V", pawasaplai hiyo hustahimili kushuka kwa volteji. Ukuta ukishuka hadi 170, inavuta mkondo mwingi zaidi tu. Kwa wati 300, badala ya ampea 1.3 itavuta karibu 1.8. Ukikuta "220–240V" peke yake, volteji ikidondoka sana kompyuta inaweza kuzimika. Na ukikuta swichi ndogo nyekundu ya 115/230 nyuma, ihakikishe iko 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115, kapasita za ndani zinasukumiwa kuelekea volti 650 badala ya 325. Utasikia mlio, kisha harufu.

Pili, umeme ukikatika, pawasaplai nzuri huendelea kwa milisekunde kama 17. Wimbi moja la umeme wetu ni milisekunde 20. Yaani akiba yako haimalizi hata wimbi moja. UPS ya kawaida huchukua milisekunde chache kubadilisha, mara nyingi chini ya 10, kwa hiyo pawasaplai yenye akiba kamili inaivuka, na iliyopunjwa kapasita inadondoka hapo katikati hata kama UPS ipo. Tahadhari: baadhi ya pawasaplai nzuri hazipatani na UPS za bei ndogo zinazotoa wimbi la ngazi-ngazi. Zijaribu pamoja kabla hujaondoka dukani.

Tatu, ethi. Je, ukigusa bati la kompyuta linakutekenya? Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za ukutani na bati. Ethi ikikosekana, bati hukaa karibu nusu ya volteji ya ukutani. Mkondo ni mdogo, lakini mwenye kadi ya bei kubwa hatakiwi kuuzoea. Mwite fundi umeme arekebishe soketi kwanza.

Na yale maadapta

Wauzaji wengi watakupa waya wa kubadilisha: plagi ya diski ya SATA upande mmoja, pini sita za kadi upande wa pili. "Inaingia hii, usijali." Inaingia kweli. Lakini plagi ya SATA imepewa ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54, na soketi ya pini sita ina ruhusa ya kuvuta 75. Joto kwenye kiungo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi kwa theluthi moja, joto linazidi kwa karibu robo tatu. Plastiki haijui kwamba ulikuwa na haraka.

Usidhani ni shida ya maskini tu. Mwaka 2022 watu walionunua RTX 4090, kadi ya wati 450, walianza kuonyesha plagi zilizoyeyuka. Mkondo mwingi ulipita kwenye pini chache, na plagi isipokaa sawasawa ukinzani huongezeka. Fizikia haikuwaheshimu kwa bei waliyolipa.

Hukumu

Kwa msomaji wetu: ile ya 600 iache. Tafuta ya 450 au 550 inayoandika wazi ampea 35 au zaidi kwenye volti 12, inayopokea 100–240V, na yenye waya wake wenyewe wa pini nane kwa ajili ya kadi. OptiPlex 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi. Ina yake ya pini nane, kwa hiyo utahitaji waya wa kubadilisha uliotengenezwa kwa modeli hiyo. Huo ununue Dar, uujaribu hapohapo. Pima pia urefu wa kadi na nafasi ndani ya kasha.

Kama fedha haitoshi kwa pawasaplai nzuri na RTX 3060 kwa pamoja, usikate kwenye pawasaplai. Shuka kwenye kadi. GTX 1650 ni ya wati 75, na matoleo yake mengi hula kupitia soketi ya mazabodi bila waya wa ziada. Nvidia wanaipendekezea wati 300, na pawasaplai ya wati 290 iliyokuja na mashine iko jirani kabisa na hapo, maana mzigo wote hautazidi 210 hivi. Video zitachukua muda zaidi. Zitakamilika.

Na ya zamani ikishatoka, usiifungue kuchungulia. Kapasita zake zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Mwenye lebo asiyoielewa aipige picha, jedwali lote lionekane, atutumie kwenye maoni hapa chini. Tutazidisha pamoja.