Mizizi na Mtu: Mwongozo wa Kupima Ubora wa Mfumu katika Ruashi

Ufumu ni kazi ya kutibu kwa miti, kwa maneno na kwa desturi, na mwenye kuifanya huitwa mfumu, au mufumu katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho jina la munganga kimezoea kumpa daktari wa hospitali. Katika wilaya ya Ruashi, iliyo upande wa kaskazini-mashariki ya jiji hilo la Lubumbashi, jirani na machimbo ya shaba na kobalti yanayobeba jina hilohilo, kazi hii bado ina wateja wengi, na kwa sababu hiyo ina pia wauzaji wengi ambao hawastahili jina lake. Mtu anayetafuta tiba kwa kawaida hutazama wingi wa chupa, ukubwa wa kibao cha mlangoni na sauti ya kipaza sauti sokoni, ilhali vitu hivyo vitatu havisemi lolote juu ya ustadi. Ubora wa mfumu huonekana katika yale anayoyafanya kabla ya kufungua mfuko wa dawa na katika yale anayoendelea kuyafanya baada ya kuufunga, kwa maana ufumu, tangu asili yake, humtibu mtu kwa ukamilifu wake, yaani mwili wake, moyo wake, nyumba yake na ujirani wake, wala hautibu kiungo kimoja kilichotengwa na mwenyewe.

Asili hiyo inajulikana vizuri katika eneo lote la Katanga na jirani zake. Miongoni mwa Waluba, mtambuzi wa maradhi aliyeitwa kilumbu alitikisa mboko, yaani kibuyu chenye vitu vidogo vingi ndani yake, kisha akasoma jinsi vitu hivyo vilivyoangukiana, na usomaji huo ulihusu mambo ya watu: nani amegombana na nani, deni gani halijalipwa, msiba gani haujaliliwa ipasavyo. Miongoni mwa Wandembu, ambao ni tawi la Walunda katika kaskazini-magharibi ya Zambia, mwanaanthropolojia Victor Turner aliyeishi nao katika miaka ya 1950 alieleza tiba ya ihamba, ambayo mganga aliisimamisha mara kwa mara ili ndugu na majirani waseme hadharani kinyongo walichokuwa wakikificha, kwa kuwa mgonjwa hakutarajiwa kupona katikati ya watu wenye chuki naye. Dawa ya miti ilikuwepo siku zote, lakini ilikuwa sehemu moja ya kazi.

Mji uliikata kazi hiyo vipande. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka uliofuata kampuni ya Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba kwa madini ya mgodi wa Étoile, usio mbali na Ruashi ya leo, ikiwatumia vibarua waliotoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Maniema na baadaye Ruanda-Urundi. Hospitali ya kampuni ilikuwa na kazi ya kumrudisha mfanyakazi kazini, na ndugu ambao zamani wangekaa kitako pamoja naye walikuwa kijijini, mwendo wa siku nyingi. Mfumu aliyehamia mjini alijikuta na mgonjwa mmoja asiye na ukoo karibu, mwenye haraka na mwenye fedha taslimu, na kishawishi cha kumpa chupa na kumwacha aende zake kilikuwa kikubwa, kama kilivyo leo.

Kipimo cha kwanza, basi, ni maswali. Mfumu mwenye ustadi huuliza kwa muda mrefu kuliko mgonjwa anavyotazamia, na maswali yake huanza mbali na maumivu yenyewe. Kwa mtu anayelalamika mgongo, mathalani, atataka kujua kama anabeba mifuko ya madini au ya makala, analala juu ya nini, anakula saa ngapi, choo chake kikoje, usingizi ulimwacha lini, na nani alikufa au kuondoka nyumbani mwaka ambao maumivu yalianza. Atarudia swali moja kwa njia mbili, na jibu la pili likitofautiana na la kwanza hatamkemea mgonjwa, atanyamaza kidogo ili mgonjwa mwenyewe ausikie mkanganyiko. Atatazama ulimi, ngozi ya chini ya kope, kucha, na namna mtu anavyoinuka kutoka kwenye kigoda, jambo linaloeleza habari za kiuno zaidi kuliko maneno mengi. Anayetaja ugonjwa kabla mgonjwa hajamaliza sentensi ya pili huenda ni mwerevu wa kusoma nyuso, lakini huyo anatafuta kushangaza, na mshangao una kazi moja tu, kumfanya mtu alipe bila kuuliza.

Ulinganisho na nchi ya mbali unasaidia hapa, kwa sababu maradhi haya ya tiba kukatwa vipande si ya Katanga peke yake. Yoga, elimu ya kale ya Uhindi inayofunza mwili, pumzi na akili kwa pamoja, imepita katika njia hiyohiyo. Andiko la kale liitwalo Taittiriya Upanishad humweleza mtu kama tabaka 5 zinazofunikana: ile ya chakula, yaani mwili, kisha ya pumzi, ya fikira, ya utambuzi na ya furaha, na tiba ya yoga iliyo kamili huzigusa zote. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alifungua huko Lonavla kituo cha Kaivalyadhama ili kuipima yoga kwa vyombo vya sayansi, na kazi yake ilikuwa ya heshima, lakini karne iliyofuata ilizaa pia desturi ya kuuza mkao mmoja wa mwili kwa kila ugonjwa mmoja, kana kwamba mikao ni vidonge. Tirumalai Krishnamacharya, mwalimu aliyefariki mwaka 1989 akiwa na miaka zaidi ya 100, alishikilia kwamba zoezi hupangwa kwa kumfuata mtu, umri wake, kazi yake na msimu wake, na mwanawe T. K. V. Desikachar aliendeleza msimamo huo mjini Chennai. Wataalamu wa kimataifa wa tiba ya yoga walipoweka viwango vya mafunzo mwaka 2012, walidai saa zisizopungua 800 za masomo, nyingi zaidi kuliko zile za mwalimu wa kawaida wa mazoezi. Kipimo cha ubora huko Chennai na kipimo cha ubora katika Ruashi vinakutana katika swali moja, yaani kama tiba imepangwa kwa ajili ya mtu huyu aliyeketi hapa, au ilikuwa tayari kabla hajabisha hodi.

Ndugu wa mgonjwa ni kipimo cha pili. John Janzen, aliyefanya utafiti wake katika Kongo ya Chini na kuuchapisha mwaka 1978, alionyesha kwamba huko uamuzi wa tiba haukuwa wa mgonjwa peke yake wala wa mganga, bali wa kikundi cha jamaa waliokaa, wakajadili, wakachagua kwenda hospitali, kwa mfumu au kwa vyote viwili, na kubadili njia ilipoonekana haifai. Katika Ruashi jamaa wametawanyika, mmoja katika wilaya ya Katuba, mwingine katika wilaya ya Kenya ya jiji hilohilo, mwingine ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, lakini mfumu mzuri bado huomba angalau mmoja wao afike, kisha humweleza jinsi dawa itakavyochemshwa, na humwuliza kama nyumbani kuna ugomvi utakaozuia usingizi wa mgonjwa. Anayependa mgonjwa aje peke yake, usiku, bila mtu kujua, ana sababu zake, na mara nyingi sababu hizo si za tiba.

Hata hivyo ni lazima kusema wazi kwamba uaminifu kwa asili si kuhifadhi kila kitu cha zamani. Utambuzi wa chanzo cha ugonjwa katika mahusiano ya watu ni hazina, lakini unaweza kugeuka kisu pale mtambuzi anapomtaja mtu kuwa mchawi, na hasa anapomtaja mtoto. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto inaadhibu tuhuma za uchawi dhidi yake, na hakuna ustadi wa mizizi unaoweza kufidia neno moja la namna hiyo, lililokwisha kuwatoa watoto wengi majumbani mwao. Mfumu wa kweli hutafuta ugomvi ili uishe, na akitoka nyumbani kwa watu, watu hao hupungukiwa na maadui.

Baada ya hayo ndipo mizizi itazamwe, na hapa mjuzi huhitaji macho, pua na vidole. Dawa nyingi za Katanga hutoka katika miombo, msitu wa miti kama miputu na mitondo, ambao umesogezwa mbali na jiji na uchomaji wa makala kiasi kwamba mfumu wa Ruashi husafiri kutwa nzima kuupata, au hununua kwa wachimbaji. Swali la kumuuliza ni rahisi: nani alichimba, na wapi? Mchimbaji anayejali hukata mizizi ya pembeni na kuuacha mzizi mkuu, hurudishia udongo shimoni, na gome hulibandua kwa ukanda wa upande mmoja, kwa sababu mti uliobanduliwa gome pande zote hufa ukiwa umesimama. Kipande cha gome chenye upana wa kiganja, kilicho bapa na chenye kingo zilizonyooka, huonyesha kwamba mti ulibakizwa. Magunia ya magome yaliyojikunja kama mirija mikubwa humtia mjuzi shaka kwamba mti ulivuliwa wote.

Mahali pa kuchimba pana uzito wa pekee hapa kuliko katika miji mingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulikuta kobalti nyingi mno katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyushia madini vya Katanga, na vumbi linalowafikia watu huifikia mimea pia. Iko hata mimea inayostawi juu ya udongo wenye shaba ambao ungeua mingine, kama Haumaniastrum katangense, ua la shaba, linaloota kwenye madini ya viunga vya Lubumbashi. Mfumu anayechuma majani kando ya barabara ya malori ya madini, au nyuma ya ukuta wa kiwanda, anampa mgonjwa dawa na metali kwa kikombe kimoja, hata kama mti wenyewe ni sahihi na maneno yake ni matamu. Kwa hiyo mfumu anayejua kutaja kijiji na bonde alikotoa kila mzizi anastahili kusikilizwa, na anayesema tu kwamba umetoka porini hajajibu.

Mzizi wa mupapi, ambao wanabotania huuita Securidaca longepedunculata, unafaa kuwa somo la mfano. Ukikwaruzwa kwa ukucha, gome lake hutoa harufu kali na tamu ya dawa ya kuchua misuli inayouzwa katika maduka ya dawa, kwa kuwa una kemikali ileile, methili salisileti. Mzizi uliokaa sana au uliochanganywa na mwingine hupoteza harufu hiyo, na pua iliyozoea haidanganyiki. Lakini mupapi ni sumu ukizidi, na ndiyo maana unampima mfumu vizuri kuliko mti mwingine: mwenye ujuzi huutoa kidogo, huuliza kwanza kama mwanamke ana mimba, humnyima mtoto, na hueleza kiasi chake kwa kijiko au kwa kifuniko cha chupa, si kwa gumba na kidole hewani. Mizizi hupaswa kuwekwa mizima, kila mmoja kwenye mfuko wake, imekaushwa kivulini. Unga mweusi uliokwisha kusagwa hauna uso. Mjuzi hawezi kuukubali wala kuukataa, na kwa hiyo hukataa.

Kiasi cha dawa na mipaka yake ndivyo vinavyotenganisha ufumu na biashara. Mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, maelfu ya watu walipanga foleni za magari kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500 alichokitoa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, dawa moja kwa magonjwa mengi, na maafisa wa afya wakalazimika kuwasihi wagonjwa wasiache dawa zao za hospitali. Imani ya watu wale inastahili heshima, lakini kikombe kilicho sawa kwa wote hakimuulizi mtu chochote, na hapo ndipo kilipojitenga na mapokeo ya uganga. Mfano wa kinyume upo nchini humohumo, mjini Tanga, ambako tangu miaka ya 1990 waganga wa miti na wahudumu wa hospitali ya Bombo walihudumia pamoja watu wenye virusi vya Ukimwi. Mfumu wa Ruashi mwenye kiwango hicho hufahamu kituo cha afya kilicho karibu, humtuma huko bila kusita mtoto mwenye homa na degedege, mtu anayekohoa kwa wiki 3, au mjamzito anayetokwa na damu, na hakuna anachokiona kuwa ni aibu katika kumtuma. Wala hamwambii mtu wa kisukari aache vidonge vyake, ijapokuwa ana majani ambayo hata wanafamasia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakiyachunguza kwa ajili ya ugonjwa huohuo.

Kuhusu malipo hakuna haja ya maneno mengi: desturi ni kitu kidogo cha kufungulia kazi, na shukrani baada ya kupona, na anayedai yote mbele amekwisha kujieleza. Linalobaki kutazamwa ni siku ya kurudi. Mfumu mwenye ubora humpa mgonjwa siku, na siku hiyo ikifika huuliza kwanza kuhusu dawa iliyobaki, huitaka irudishwe ili isije ikanywewa na mtu mwingine wa nyumba, kisha huuliza kuhusu usingizi, kazi na yule ndugu aliyekuwa amenuna, na mgonjwa asipofika, hutuma kijana wa jirani akamwulizie hali nyumbani.