“Umeme Mdogo”: Uhakiki wa Istilahi za Umeme katika Muktadha wa Buzwagi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) iliweka msingi wa kuijadili fizikia kwa Kiswahili, ijapokuwa vyuo vikuu vya Tanzania hulifundisha somo la umeme na sumaku kwa Kiingereza. Thamani yake haina shaka. Hata hivyo, kamusi ya istilahi huanzia kwenye dhana ya kitaalamu, si kwenye usemi ambao mwanafunzi huja nao darasani.

Chukua mwanafunzi aliyekulia Buzwagi, wilayani Kahama, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji 2009 na kuusitisha 2021. Katika ukanda huo makarasha ya wachimbaji wadogo nayo husaga mawe. Mota ikisuasua, jibu la mtaani ni moja: “umeme mdogo”. Kirai hiki hakibainishi kama kilichopungua ni volteji, mkondo au nguvu. Tena hupotosha, kwani volteji ikishuka na mzigo ukabaki uleule, mota ya induksheni huvuta mkondo mkubwa zaidi, nyaya zake hupata joto na huweza kuungua. Kilichoiunguza, basi, ni kikubwa.

Kanuni ya Ohm, ambayo ndiyo mlango wa kawaida wa somo, humthibitishia mwanafunzi kosa lake: ukinzani usipobadilika, volteji ikipungua mkondo nao hupungua. Ufafanuzi wa mota husubiri kanuni ya Faraday, majuma mengi baadaye. Kitomeo cha “umeme mdogo”, chenye maana zake zote tatu, kingemfaa mapema zaidi.