Ganna Aliijua Njia, Waamuzi Wakaifuta Hatua

Tuanze na hukumu, maana picha mmeziona: hatua ya kwanza ya mashindano ya baiskeli ya Volta ao Algarve ya Februari 19, 2025 ilikuwa na mshindi, na mshindi huyo ni Filippo Ganna. Waamuzi waliofuta matokeo ya siku ile walikosea. Kilomita 192 kutoka Portimão hadi Lagos ziliendeshwa kama hatua za ufunguzi zinavyoendeshwa siku zote, yaani barabara za mashambani za kusini mwa Ureno, kundi kuu linakwenda bila papara, timu za watu wa kasi zinahifadhi miguu kwa ajili ya kilomita ya mwisho. Siku zilizofuata Jan Christen alishinda juu ya mlima wa Fóia na Jonas Vingegaard akamalizia kazi mlimani Malhão na kutwaa taji. Kazi safi, zote mbili, wala hazihitaji mchambuzi. Kinachohitaji mchambuzi ni ule mzunguko wa barabara pale Lagos.

Itazameni tena picha ya helikopta. Imebaki chini ya kilomita moja. Kwenye mzunguko huo barabara inagawanyika pande mbili, na mstari wa kumalizia uko upande mmoja tu. Sehemu kubwa ya kundi inashika upande usio wake na kujikuta inakimbizana kwenye barabara sambamba, vizuizi vikiwa kati yake na mstari. Ganna, pamoja na wachache, anashika upande uliopangwa, anafika wa kwanza, anahesabiwa mshindi, na baada ya muda mfupi anaambiwa hakuna aliyeshinda. Sasa tujiulize kosa lilifanywa na nani hasa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mwendeshaji anameza mita 17 kila sekunde. Aliye nafasi ya thelathini haoni barabara, anaona gurudumu la mbele yake na mgongo wa mwenzake. Kwa hiyo kundi zima halikuamua kupotea. Waliamua wachache waliokuwa mbele, na waliobaki walinakili. Ganna hakunakili. Katika sekunde ile aliinua kichwa na kusoma barabara, na huo nao ni ufundi wa baiskeli, sawa na kupanda mlima au kukata kona.

Tena kanuni iko upande wake. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, UCI, kinamtaka mwendeshaji aisome njia kabla ya mashindano, na kinasema wazi kwamba akitoka nje ya njia iliyopangwa hawezi kujitetea kwa kosa hilo, hata kama mishale ya barabarani iliwekwa vibaya au haikuwepo kabisa. Walioandika kanuni hiyo walijua kwamba siku moja kizuizi kitasahauliwa, na walikwisha kuamua mzigo ataubeba nani. Lagos si mji mgeni, isitoshe. Fabio Jakobsen alishinda hatua iliyoishia mjini humo mwaka 2020 na tena 2022, na Gerben Thijssen akafanya hivyo 2024. Kila timu ina kitabu cha njia, kila usukani una kompyuta yenye ramani, kila sikio lina redio. Safu hii imezipigia kelele redio hizo siku nyingi, na itaendelea: zimezalisha kizazi kinachosubiri kuambiwa barabara ilipo. Siku redio hizo ziliposhindwa kuwasaidia, timu ghali kuliko zote duniani zilishindwa na mzunguko mmoja wa barabara.

Watetezi wa waamuzi wana hoja, na si hoja ya kudharauliwa. Wanasema lawama ni ya waandaaji, kwa sababu upande ule ulipaswa kuzibwa na haukuzibwa, na kwamba usalama wa zaidi ya watu mia moja ni mkubwa kuliko kombe la mtu mmoja. Wanaongeza kwamba kanuni hizohizo zinaruhusu hatua kufutwa tukio likiharibu mwenendo wa kawaida wa mashindano. Yote ni kweli. Lakini ruhusa si amri, na dawa ya kosa la mwandaaji ni kumwadhibu mwandaaji. Njia ya katikati ilikuwapo na ilishajaribiwa. Mwaka 2013 pale Bastia, hatua ya kwanza ya Tour de France, basi la timu ya Orica GreenEDGE lilikwama chini ya mlingoti wa kumalizia. Umaliziaji ukahamishwa, ukarudishwa, watu wakaanguka. Waamuzi walifanya nini? Waliwapa wote muda mmoja ili asiumie mtu kwenye msimamo wa jumla, na Marcel Kittel akabaki na ushindi wake. Mwaka 2016, katika Tour hiyohiyo, mlimani Mont Ventoux, Chris Froome alipogongana na pikipiki na kuishia kukimbia kwa miguu, waamuzi walimrekebishia muda. Niliona wakati ule kwamba walikuwa wakarimu mno, na sijabadilika. Lakini hata katika ukarimu ule hawakumgusa Thomas De Gendt aliyeshinda mlimani. Muda wa jumla ni jambo moja, ushindi wa hatua ni jingine. Algarve wangeweza kuwapa wote muda mmoja na kumwachia Ganna hatua yake, na jioni ile isingekuwa na ubishi.

Wazee wetu wa mchezo huu waliyapitia haya wakiwa na vifaa haba zaidi. Paris–Roubaix ya 1949, André Mahé aliongoza hadi karibu na uwanja wa kumalizia, akaelekezwa vibaya na kuingilia mlango ambao haukuwa wake. Nyuma yake Serse Coppi alishinda mbio za kundi, na kakake Fausto akasimamia malalamiko. Mvutano ulikwenda miezi kadhaa na ukaisha kwa majina yote mawili kuandikwa kama washindi. Suluhisho lile halikuwa zuri, lakini mwishowe siku ile haikubaki bila mshindi. Wanaofuatilia riadha wanaikumbuka marathoni ya Venice ya Oktoba 2017, ambapo kundi la mbele, Wakenya wakiwamo, liliifuata pikipiki ya kuongoza nje ya njia na kupoteza kama dakika mbili. Eyob Faniel alibaki njiani, akashinda kwa saa 2:12:16, na ushindi ukasimama. Iliuma kwetu Afrika Mashariki, lakini ulikuwa uamuzi sahihi. Sunderland, Uingereza, mwaka 2013, aliyeongoza marathoni alipita njia sahihi na karibu wakimbiaji 5,000 nyuma yake wakakata pungufu kwa mita 264. Yule wa kwanza hakunyang'anywa kitu.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba waendeshaji wa burudani wanabanwa kuliko hawa wanaolipwa. Paris–Brest–Paris, iliyoanza mwaka 1891 kama mashindano na Charles Terront akaimaliza kwa saa 71 na dakika 22, leo si mashindano tena; ni safari ya kilomita 1,200 kwenye barabara ndogo za vijijini, na wengi huifanya ndani ya saa 90 kwa ajili ya muhuri wa kituo na heshima yao wenyewe. Anayepotea huko usiku wa manane, mvua ikimpiga, anarudi pale alipoiacha njia na kuanzia hapo, na saa inaendelea kumhesabia. Mwalimu, fundi na mstaafu wanaweza kubebeshwa sharti hilo. Kwa nini mtu mwenye gari la timu, kocha na ramani ya setilaiti asiweze?

Imebaki hoja moja: kwamba Ganna hakuwashinda wenye kasi kubwa, kwa sababu wenye kasi hawakuwapo pale mstarini. Sawa, hawakuwapo. Darasa zima likikosa swali na mwanafunzi mmoja akalipata, mwalimu hafuti mtihani ili wale wengine wasione haya. Na tusijifanye tunamzungumzia mtu aliyeokota bahati. Huyu ndiye aliyeendesha kilomita 56.792 kwa saa moja mwaka 2022 na kuweka rekodi ya dunia. Kinachonitia shaka ni idadi: wangepotea kumi, waamuzi wangewaambia pole, walipopotea karibu wote, pamoja na majina makubwa, ikaitwa dharura. Kanuni inayofanya kazi kwa wachache tu haina kazi. UCI ina mambo mawili ya kuchagua: ama ikifute kifungu kinachomtaka mwendeshaji aijue njia, ama ikisimamie siku ambayo kusimamia kunauma. Mpaka ichague, katika orodha ya safu hii mshindi wa Lagos 2025 ni Filippo Ganna.