Seli hugawanyika, kromosomu huachana

Ipo sentensi moja iliyozoeleka mno katika maelezo ya Kiswahili kuhusu urithi: “Seli inapogawanyika, kromosomu nazo hugawanyika.” Utaisikia katika vipindi vya afya redioni, utaikuta katika tafsiri za wanafunzi, na wakati mwingine hutamkwa na mhudumu wa afya anayejitahidi kumweleza mzazi kwa lugha anayoielewa. Kisarufi haina doa. Kimaana inapotosha, na kosa si la Kiswahili bali ni letu sisi tunaokitumia bila kukisikiliza.

Hebu kwanza tutazame kinachotokea. Seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja ilitoka kwa mama na nyingine kwa baba. Kabla ya seli kugawanyika, kila kromosomu hunakiliwa, na nakala hizo mbili hubaki zimeshikamana.

Kuanzia hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni mitosisi, ambayo mwili huitumia kukua na kuziba jeraha. Kromosomu zote hujipanga katikati ya seli, nyuzi nyembamba kutoka pande mbili huzishika na kuzivuta, nakala huachana, moja huku na nyingine kule. Zinapatikana seli mbili, kila moja ikiwa na kromosomu 46 kama ile ya awali.

Njia ya pili ni meiosisi, inayotengeneza yai na mbegu ya kiume. Hapa kromosomu hunakiliwa mara moja tu, lakini seli hugawanyika mara mbili. Mara ya kwanza, kromosomu ya mama na ya baba hukaa ubavu kwa ubavu, hubadilishana vipande, kisha huachana. Nakala za kila moja bado zimeshikamana. Ni katika mara ya pili ndipo nakala nazo huachana. Kila yai au mbegu hubaki na kromosomu 23.

Sasa irudie ile sentensi yetu. Ni nini hasa kilichogawanyika? Kitenzi “gawanyika” kiko katika kauli ya kutendeka, sawa na “vunjika” na “katika”. Hueleza kitu kimoja kilichogeuka kuwa vipande. Kwa seli, kitenzi hiki kinafaa kabisa. Kwa kromosomu, msikilizaji hupata picha ya kijiti kilichokatwa katikati, kila kipande kikiondoka na nusu ya habari. Sivyo! Kinachoondoka ni kromosomu nzima, si nusu yake.

Chukua basi kitenzi “achana”. Hiki kiko katika kauli ya kutendana, na kauli hiyo haikubali mtendaji mmoja. Ukisema “wameachana”, msikilizaji atakuuliza papo hapo: nani na nani? Swali hilo ndilo moyo wa somo lenyewe. Katika mitosisi, nakala na nakala mwenzake. Katika hatua ya kwanza ya meiosisi, ya mama na ya baba. Katika hatua ya pili, nakala na nakala tena. Tofauti inayowatoa jasho wanafunzi wa sekondari imo ndani ya kiambishi kimoja cha sarufi yetu, nasi tumekipita kama vile hatukukiona.

Kasoro kama hiyo imo pia katika nomino. Ukitafsiri Kiingereza neno kwa neno, zile nakala mbili utaziita “kromatidi dada”. Lakini dada yako hafanani nawe kwa kila kitu. Nakala zile zinafanana, kwa hivyo jina linalozistahili ni “nakala pacha”. Kromosomu ya mama na ya baba, kwa upande wao, ni “jozi” kama tusemavyo jozi ya viatu: kipimo kimoja, umbo linaoana, ila cha kulia si cha kushoto. Pacha na jozi ni maneno ambayo hata mtoto wa gredi ya nne anayajua.

Wapo watakaopinga kwamba “kuachana” ni habari ya ndoa na talaka, si ya sayansi. Nawauliza: “kromosomu” yenyewe ilitoka wapi? Heinrich Waldeyer alipoliunda neno hilo mwaka wa 1888, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya rangi na mwili, kwa sababu vitu hivyo vilinyonya rangi ya maabara. Naye Walther Flemming, aliyeieleza mitosisi kabla yake, alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa kuwa aliona nyuzi. Istilahi za wenzetu zilianzia kwenye vitu vya kawaida. Sidai tuyatupe majina hayo. Mwanafunzi wetu atayahitaji popote aendako. Ninachodai ni kwamba jina la kukopa halitoshi bila kitenzi cha kulifafanua.

Hili si suala la wasomi kubishana tu. Mwaka wa 1959 huko Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto wenye sindromu ya Down wana kromosomu 47, kwa kuwa ile ya 21 ni tatu badala ya mbili. Aghalabu chanzo ni kromosomu mbili zilizopaswa kuachana wakati yai linatengenezwa, zikakosa kuachana. Uwezekano huo huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, ila hakuna alichokula wala alichotenda kilichosababisha. Mayai yake yalianza meiosisi yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mamake, yakasimama hapo kwa miaka mingi.

Mwambie mama huyo kwamba “kromosomu za mtoto ziligawanyika vibaya”, naye ataondoka akiamini kuna kitu kilichovunjika ndani ya mwanawe, na huenda mikononi mwake. Majirani watamalizia kwa neno “laana”. Lakini mwambie: “Mama, kromosomu mbili hazikuachana, mtoto akapata tatu, si kosa la mtu,” naye ataelewa. Kisha atakwenda kumweleza mumewe na mama mkwe kwa maneno hayo hayo, bila kuhitaji mkalimani.

Kwa hivyo wanaotunga vitabu, wanaofasiri na wanaotangaza wasiridhike kuiongezea kromosomu kiishio cha “u” na kudhani kazi imekwisha. Kazi ya kulieleza neno hilo iko kwenye kitenzi.