Nani Atailipa Nusu Peni Hii?

Eti sanaa ni ya kutundikwa ukutani tu? Hapana, vijana wenzangu wa kalamu. Ipo iliyopita mikononi mwa watu wa sokoni. Kule Uskochi, miaka ya 1790, chenji iliadimika. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeacha kupiga sarafu za shaba tangu 1775, ikaanza tena 1797. Wenye maduka wakajipigia za kwao. Sasa swali la mhakiki: mtu asiye mfalme aweke sura ya nani?

Nusu peni ya Glasgow ya 1791, iliyopigwa kiwandani kwa Matthew Boulton huko Birmingham, ilimweka mungu wa mto wa Kirumi, mzee aliyeegemea mtungi unaomwaga maji. Kilatini chake kinasema mto hautakauka kamwe. Kazi safi, si mchezo. Lakini mimi hainigusi. Ondoa maandishi, na mzee huyo atalinda mto wowote wa Ulaya. Geuza upande wa pili ndipo Glasgow yenyewe inapoongea: mti, ndege, kengele na samaki, nembo iliyotokana na visa vya Mtakatifu Mungo.

James Wright wa Dundee alichagua njia nyingine: majengo ya kwao. Sarafu moja ya 1797 ina lango la Cowgate, mabaki ya ukuta wa mji. Mapokeo yanasema George Wishart alihubiri juu yake wakati wa tauni ya 1544, wagonjwa wakiwa nje, wazima ndani. Mawe matupu, hakuna urembo. Ila mtu wa Dundee akiishika, ameshika mtaa wake.

Halafu tazama ukingo. Sarafu nyingi za aina hii ziliandikwa hapo jina la duka litakalozilipa. Picha hata iwe tamu vipi, mwenye duka akikataa, mfanyakazi kabaki na kipande cha shaba. Kwangu mimi, maandishi yale membamba ndiyo sehemu nzito ya usanii wote.

Na sisi je? Mashairi yetu mangapi yana theluji ambayo mtunzi hajawahi kuikanyaga? Huyo ndiye mzee wetu wa kuazima. Tuchore lango tunalolipita kila asubuhi, na tuwe tayari kuulizwa: haya uliyoandika, utayalipa?