Dufu, Basi na Barakoa: Hesabu ya Pumzi Safarini

Mwezi wa Mfungo Sita ukiandama, vikundi vya kaswida vya madrasa huanza kualikana. Kutoka vijiji vya mikokoni vya Salale, kwenye delta ya Mto Rufiji, watoto na vijana hupanda boti ya mashine hadi bandari ya Nyamisati, kisha basi dogo la Coaster kupitia Bungu hadi Kibiti au mbele zaidi. Husoma maulidi hadi usiku mkubwa, hulala darasani au kwenye varanda ya msikiti, na kesho yake hurudi kwa njia ileile. Kwaya na ngoma za shule zinazowania nafasi kwenye mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA husafiri hivyohivyo, ila kambi zao huchukua siku nyingi zaidi. Kina mama wa watoto hawa wanajua kinachofuata: wiki haiishi kabla nyumba moja baada ya nyingine haijapata mtoto anayekohoa.

Tangu korona ilipoingia mwaka 2020, walimu na maustadhi wamekuwa na swali moja: tuwavalishe barakoa? Naona jibu ni ndiyo kwa saa chache maalumu, na hapana kwa saa nyingine nyingi. Ili kuzijua saa hizo inabidi kwanza tufuate pumzi ya mtoto inakopita.

Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Robert Loudon na Rena Marie Roberts, walipima chembe zinazotoka kinywani mwa mtu anapoongea, anapokohoa na anapoimba. Walikuwa wakitafuta njia ambazo kifua kikuu huenea. Waligundua kwamba kuimba, kwa wingi wa chembe ndogo zinazobaki zikielea hewani, kuko karibu zaidi na kukohoa kuliko kuongea. Nusu karne baadaye, mwaka 2019, utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ulionyesha kwamba chembe huongezeka kadiri sauti inavyopanda. Waingereza waliowapima waimbaji, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walipata kwamba kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, uzito wa chembe huongezeka mara 20 hadi 30. Tofauti kati ya kuimba na kuongea kwa sauti ya nguvu ileile ilikuwa ndogo. Kwa hiyo kaswida si hatari kwa sababu ni kaswida. Mtoto anayepiga kelele na mtoto anayeimba kwa nguvu wanatoa karibu kiasi kilekile.

Chembe hizo haziangukii miguuni zote. Ndogo zaidi hukaa hewani kama moshi wa sigara, na chumba kilichofungwa huzikusanya. Hilo lilionekana wazi tarehe 10 Machi 2020 katika kwaya ya Skagit Valley, jimbo la Washington. Watu 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu, mmoja akiwa tayari na dalili za korona. Baadaye 53 walihesabiwa kuwa wameugua, 33 kati yao kwa kipimo, na wawili walifariki. Hao walikuwa watu wazima, na barakoa bado haikuwa jambo la kawaida huko. Mfano unaotufaa zaidi ni wa vijana waliokuwa kambini.

Juni 2020, kambi moja ya vijana katika jimbo la Georgia iliwataka wote wanaoingia walete cheti cha kipimo cha ndani ya siku 12 kinachoonyesha hawana virusi vya korona. Wafanyakazi walivaa barakoa za kitambaa, watoto hawakulazimishwa. Madirisha na milango haikufunguliwa ili hewa ipite. Kila siku palikuwa na kuimba na kushangilia kwa nguvu, na usiku walilala pamoja, chumba kimoja kikifikia watu 26. Siku chache tu baada ya watoto kuwasili, kijana mmoja mfanyakazi alishikwa na baridi ya homa akarudishwa nyumbani, na kambi ikaanza kufungwa. Kati ya wakazi 597 wa Georgia waliokuwepo, majibu ya vipimo yalipatikana kwa 344, na 260 walikuwa na virusi.

Katika msimu huohuo, kambi nne za kulala katika jimbo la Maine zilipokea watu 1,022, watoto na wafanyakazi. Waliopatikana na virusi walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Ukitazama haraka utasema Maine walivaa barakoa, Georgia watoto hawakuvaa, kesi imekwisha. Haijaisha. Maine waliwakalisha watoto nyumbani siku 10 hadi 14 kabla ya safari, wakawapima kabla na baada ya kufika, wakawagawa katika makundi madogo yasiyochanganyika, na wakahamishia nje shughuli nyingi kadiri walivyoweza. Barakoa ilikuwa mojawapo ya mambo mengi, na takwimu zile haziwezi kutuambia sehemu yake peke yake.

Ili kuijua sehemu hiyo unahitaji jaribio linalogawa watu kwa kura. Moja lililo karibu sana na safari zetu lilifanyika Mina, kwenye mahema ya mahujaji, kati ya 2013 na 2015. Mahema 318 yenye watu wazima 7,687 yaligawanywa: mengine yalipewa barakoa na maelekezo, mengine hayakupewa. Maambukizi ya njia ya hewa hayakupungua katika mahema yaliyopewa. Wengi husoma matokeo hayo wakaishia hapo. Mimi naona habari kubwa iko kwenye hesabu ya uvaaji: katika kundi lililopewa, aliyevaa kila siku alikuwa mmoja kati ya wanne tu, na katika kundi ambalo halikupewa, mmoja kati ya saba alivaa kila siku kwa hiari yake. Watu hao walikula pamoja na kulala ubavu kwa ubavu, na barakoa haivaliwi wakati wa kula wala usingizini. Kilichopimwa Mina ni amri ya kuvaa barakoa, na amri hiyo ilifuatwa kila siku na wachache.

Bangladesh walilifanyia kazi tatizo hilo. Kuanzia mwishoni mwa 2020, katika vijiji 600 na watu wapatao 340,000, waligawa barakoa bure mlangoni, wakawatumia viongozi wa vijiji na maimamu, na wakaweka watu wa kukumbusha sokoni na msikitini. Uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za upasuaji, wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa kipimo cha damu walipungua kwa takriban asilimia 11. Kwa barakoa za kitambaa ushahidi ulikuwa dhaifu. Asilimia 11 inaonekana ndogo, lakini imepatikana pale ambapo zaidi ya nusu ya watu bado hawakuvaa. Ndiyo maana mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya Januari 2023 yalipotangazwa na baadhi ya wachambuzi kuwa yamethibitisha barakoa hazifanyi kazi, mhariri mkuu wa Cochrane alilazimika kueleza Machi mwaka huohuo kwamba tafsiri hiyo si sahihi. Majaribio mengi hupima mafanikio ya kuwashawishi watu wavae. Nguvu ya kitambaa kinywani ni swali jingine.

Turudi kwenye Coaster yetu. Chukua safari ya saa nne garini, kwenda na kurudi, na saa sita za kulala chumba kimoja. Maulidi yenyewe husomwa uwanjani, hewa inapita, kwa hiyo tuyaache pembeni. Tuseme mtoto aliyetulia anatoa kipimo kimoja cha chembe kwa saa, na tuseme hewa ya garini na ya chumbani ni sawa, ingawa ya garini ni haba zaidi. Jumla ni vipimo kumi: vinne garini, sita usingizini. Tukikadiria kwamba barakoa garini hupunguza nusu, tumeondoa viwili kati ya kumi. Kufungua madirisha ya chumba usiku hadi hewa mpya iongezeke maradufu kunaondoa vitatu. Kwa kikundi kinachosafiri kimya, dirisha la chumbani linaishinda barakoa.

Lakini ni kikundi gani cha vijana kinachosafiri kimya? Watoto huimba tangu gari linapowashwa hadi linapozimwa, na wakirudi na ushindi ndiyo zaidi. Weka mara kumi tu kwa kuimba garini, chini sana ya vile vipimo vya Waingereza. Sasa gari lina vipimo 40, chumba sita, jumla 46. Barakoa ikipunguza nusu garini imeondoa 20, karibu asilimia 43 ya hatari yote ya safari. Hiyo ni kazi kubwa kwa kitu chepesi namna ile. Kunyamaza garini kungeondoa 36. Hii ni hesabu ya kuonyesha mwelekeo, wala si kipimo kutoka maabara, lakini mwelekeo wake haubadiliki hata ukicheza na namba: barakoa ina thamani pale ambapo sauti ni kubwa na hewa ni finyu kwa pamoja. Kwa vikundi vyetu pahali hapo ni garini, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la njia ya Nyamisati au mvua ya masika.

Kwenye boti naisema wazi: vueni. Upepo wa delta unapeperusha kila kitu, na maji ya chumvi yakilowesha barakoa inakuwa ngumu kupumulia. Mtoto akidondoka majini na kitambaa kilicholowa usoni, umemwongezea hatari iliyo kubwa kuliko mafua. Mchezaji wa ngoma naye asivalishwe akiwa uwanjani. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri hivyo kwa wote wanaofanya mazoezi ya nguvu. Mpuliza zumari hana hata namna ya kuvaa.

Usiku ndiyo saa ngumu. Huku kwetu ukifungua dirisha umewakaribisha mbu, na malaria si ugonjwa wa kubadilishana na mafua. Kwa hiyo dirisha lifunguliwe pale tu penye vyandarua, na vyandarua vipakiwe kabla ya madufu. Mikeka ipangwe watoto walale mzungu wa nne, kinywa cha huyu kikielekea miguu ya yule. Hakuna gharama, na vinywa vinaachana kwa urefu wa mtoto mzima.

Mazoezini, kipaza sauti kinaweza kufanya kazi ambayo watu wengi hawaifikirii. Kikundi kinachotegemea koo kufika mwisho wa uwanja hupiga kelele. Kikundi chenye spika huimba kwa sauti ya kawaida, na chembe hupungua papo hapo bila mtu kuvaa chochote. Kifutwe tu kinapohama kutoka mtoto mmoja kwenda mwingine, kwa sababu si kila ugonjwa wa safari hupita hewani. Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na kuingia mikoa mingine, kilichosambaza ni mikono, mataulo na mito ya kulalia. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula. Mwalimu aliyewavalisha watoto wake barakoa akawanywesha maji yasiyochemshwa kwa kikombe kimoja hajawalinda.

Mtoto anayekohoa siku ya kuondoka abaki nyumbani. Najua ilivyo vigumu. Mara nyingi ndiye mwenye sauti nzuri kuliko wote, na mzazi ameshachanga nauli. Aliyeanza kukohoa njiani ndiye wa kwanza kupewa barakoa, tena ya upasuaji kama ipo, na akae karibu na dirisha lililo wazi. Kikohozi kikifika wiki mbili, aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu.

Kinachobaki ni kupima wenyewe, na Rufiji si mahali pageni kwa kazi hiyo. Ufuatiliaji wa kaya za sehemu ya eneo hili, vizazi na vifo vyake, ulianza 1998, na Taasisi ya Afya Ifakara ikauendeleza. Daftari la madrasa linaweza kuanza na safu chache: jina, siku ya safari, alikaa wapi garini, alilala wapi, alivaa au hakuvaa, siku aliyoanza kukohoa. Kikundi kimoja cha watoto 30 hakitatuambia kitu, maana mafua huja na kuondoka kwa sababu nyingi. Lakini kata za delta, Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, zina madrasa nyingi, na Mfungo Sita hurudi kila mwaka. Vikundi vinaweza kupigiwa kura kabla ya msimu: hivi barakoa garini na madirisha wazi, vile madirisha wazi peke yake. Daftari lijazwe kwa siku 14 baada ya kurudi, na mwakani kura ipigwe upya.